Chupa Mbili Tumboni

Jumatatu, 8 Mei 1995

Jambo, daftari yangu. Uliamka salama? Mugongo haikuumi? Minye niko muzuri, Mungu asifiwe.

Habari kubwa! Ma Sœur Angèle, mutawa, mukubwa wa labo ya dispensaire, kule minye naosha chupa, anatafuta kisima moja ya kunywesha wagonjwa. Mwenye kisima atashika funguo ya pompe ya maji! Tumebaki wawili: minye Zéphirin na jirani Isidore, yule wa kuimba kwa pua katika chorale.

Ma Sœur ametia unga fulani katika chupa mbili za maji yetu. Akanieleza: mikrobe ya choo iko na kitu kama mukasi, jina enzyme. Inakata unga, halafu chini ya taa ya violet... Kengele ya Angelus! Nikainamisha kichwa, nikasali. Nilipokiinua, alikuwa anamaliza: bleu, rangi ya mbingu. Nikaitika ndiyo.

Jumanne

Courant hakuna, umeme umekatika. Na chupa zinataka joto siku muzima. Ma Sœur akanifunga zote mbili kwa tumbo na kitenge. Ati mwili wa muntu ni mashini ya joto Mungu aliyoiunda. Mathilde, bibi yangu wa ndoa, akauliza nitazaa lini.

Jumatano

Asubuhi niliwasha taa ile ya violet kwa batri, kabla ya Ma Sœur kufika. Chupa ya Isidore inawaka bleu, kama vazi ya Mama Maria! Yangu giza tupu. Hata shati yangu, iliyofuliwa na sabuni ya unga, inawaka. Shati kushinda kisima! Nikabadilisha etiketi za majina yetu. Upesi. Bikira anisamehe.

Saa tatu. Ma Sœur ananipa pole. Bleu ni mavi! Mukasi ikikata, mwangaza inatoka. Funguo kwa Isidore. Kesho wagonjwa watakunywa choo yake. Nilisema nini? Nilisema asante.

Alhamisi

Mathilde alipiga kelele: weye baba ya Glody wetu, dada yako Albertine amelala pale dispensaire na mutoto wa siku mbili, na unanyamaza? Nikakimbia, nikaungama yote. Ma Sœur akafunga pompe kabla ya muntu yeyote kunywa. Halafu akanigombeza, Français mingi sana. Tutapima tena. Nibebe chupa mbili mupya, nisiguse kitu.

Ijumaa

Niko nazo tumboni. Sikugusa kitu. Ila nilitia sabuni ya unga kidogo katika ya Isidore, bleu yake ionekane muzuri. Si uongo, nasaidia ukweli tu! Sasa jasho imetoa etiketi zote mbili. Ya sabuni ilikuwa kuume... kuume yangu, ao ya kioo? Nilijifunga mbele ya kioo.

Daftari, weye uliona. Tafazali, unijibu upesi, kabla ya Ma Sœur kuwasha taa.