Ngano Marufuku

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu Sindano katoka hospitali. Miaka minane, uzito wa kuku aliyenyeshewa! Mwanangu kaniita sebuleni, kavuta kiti kama mleta msiba. Kasema ni siliaki. Nikauliza ndiye nani huyo. Kasema ni ugonjwa wa tumbo, hauna kidonge, dawa yake kujizuia tu: ngano marufuku, maisha yake yote. Hata chembe.

Ngano! Mimi ndiye niliyemsimulia mtoto huyu ngano tangu hajaota jino. Sungura, fisi, lile zimwi lenye mke mkali. Kumbe ndizo zinazomkata tumbo! Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Kisha nikanawa. Kwa uzima wa Sindano, mdomo nitaushona.

Jumanne, 5 Machi

Kazi ngumu. Sindano kaja na mto wake, kaomba moja fupi. Nikamwambia daktari kakataza. Kaninunia! Mtoto huyu ndiye aliyenifundisha herufi hizi ninazoandika, uzeeni, bila fimbo. Ningevumilia vipi?

Mama yake alikuwa kazini. Nikaoka mkate kwa unga mweupe, laini kama shavu. Mke wa mwanangu tangu jana anampa wali, viazi, kisha wali tena. Mtoto si gunia! Sindano kaunusa, kaniuliza: Bibi, una ngano? Nikamwapia kwamba sina hata moja, nimeziacha zote. Kala vipande vitatu. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Tumbo ngoma, kutapika, shule hakwenda. Mkwe wangu kapekua makabati yote, anasoma makopo kama mpelelezi. Namhurumia.

Mimi nimeshamjua mhalifu. Ni mama yake mkwe wangu, Bibi Miwani, aliyesoma mpaka anapiga chafya kwa ufasaha. Nimemkuta kitandani kwa mgonjwa, kitabu mkononi, anamsomea. Ngano! Mchana kweupe! Alipokwenda kunywa maji nikakichukua kitabu, nikakifukia ndani ya pipa la mchele.

Alhamisi, 7 Machi

Kitabu kimeonekana. Mkwe wangu kakikuta alipochota mchele wa kupika, nami nikajulikana.

Nikasema mbele ya wote kwamba Bibi Miwani anamuua mjukuu wetu. Kavua miwani. Sikuwahi kuyaona macho yake, kumbe madogo. Mkwe wangu akaniuliza taratibu: mama, kwani ngano ni nini? Nikasema ni hadithi, mtoto gani hajui.

Mwanangu kaenda kabatini, karudi na mfuko. Eti hii ndiyo ngano, mama. Nikamwambia huo ni unga mweupe, naujua tangu kabla yeye hajazaliwa. Akauliza unga mweupe wa nini. Wa mkate, nikasema. Mkate upi, akauliza mkwe wangu.

Hapo nikautazama upya ule mfuko.

Sindano alicheka mpaka akalishika tumbo. Mimi sikucheka. Mkono huu ndio uliomlisha. Mkwe wangu kasema kuanzia leo nisimpe mtoto chakula chochote bila yeye kuona. Sikubisha. Hilo naliandika kwa sababu halitatokea tena.

Sindano baadaye kaniambia: Bibi, hukujua. Nikamwambia nyamaza wewe, bibi yako anajua kila kitu. Kisha nikamkumbatia hadi akalalamika.

Ijumaa, 8 Machi

Jiko limefanyiwa mapinduzi. Chungio nje, ubao wa kukatia nje. Mwiko wangu wa miaka ishirini nao nje, eti mbao hunywa unga. Nimeuaga kama marehemu. Nyumba nzima sasa hatuli mkate, hata mwanangu, anayeutazama mlango wa duka kama mtu aliyeachwa.

Bibi Miwani kajitolea kunieleza upya kila neno la daktari. Nimemshukuru, nimemwambia masikio ninayo mawili na yote yanafanya kazi.

Jumapili, 10 Machi

Sindano mzima! Kala sahani mbili. Nimemsimulia ngano nne mfululizo, sungura kaponea chupuchupu. Nyumba ina amani.

Jana walimrudisha kwa daktari, majibu ya damu yametoka. Kasema ugonjwa huu humaliza nguvu taratibu, na mtoto kapungukiwa chuma mwilini, apewe chuma kwa wingi. Bibi Miwani kaanza kunifafanulia. Nikamkatiza. Chuma sikijui mimi?

Wote wametoka. Nimefungua sanduku la vifaa la mwanangu, nikachagua misumari sita, mipya, isiyo na kutu. Nimeiosha kwa sabuni. Amri ya mkwe wangu ni kuhusu chakula, na msumari si chakula, ni dawa.

Iko motoni tangu saa tatu. Sasa saa saba, nimeichoma kwa uma, bado migumu. Nimeongeza maji.