Posho Chukueni, Niachieni Ugonjwa

Thamesmead, London
9 Februari 2004

Kwa Afisa wa Rufaa,
Ofisi ya Posho za Wagonjwa.

Mheshimiwa Afisa,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba radhi kukusalimu bila kukufahamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lililobandikwa katika chumba chenu cha kusubiria linasema kila mtu aandike kwa lugha yake, nanyi mtatafuta mkalimani. Kiingereza nakijua. Ndicho kilichoniponza, kama nitakavyoeleza.

Mimi ni Faustine Kabonero, karani, umri miaka ishirini na sita. Tangu mwaka jana nilikuwa napokea posho yenu kwa ajili ya ugonjwa wa hofu na huzuni. Mwezi uliopita daktari wenu alinipima, akaandika kwamba mimi ni mzima, na posho ikakatwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari ameandika kwamba nilifika kwa wakati, nilivaa tai, na najieleza vizuri kwa Kiingereza. Mheshimiwa, nilifika kwa wakati kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kwa hofu. Tai nilivaa kwa sababu kwetu Bukoba mtu haendi kwa daktari amevaa kama anakwenda kupalilia migomba. Kwetu hata maiti huvalishwa suti, na sijawahi kusikia mtu akisema marehemu amepata nafuu. Akaniuliza kama naweza kupika viazi. Nikajibu naweza. Hakuniuliza kama nikishavipika navila.

2. Mnasema mtu anayefanya kazi hawezi kuwa mgonjwa. Kazi yangu ni ya saa kumi na tano kwa wiki, sheria yenu inairuhusu, na niliwaarifu kabla sijakalia kiti. Naandika barua katika ofisi ya uhasibu ya Bwana Alnashir, huko Tooting, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye hutukana kwa Kiswahili safi. Siku moja simu ililia mno, nikajifungia chooni. Alikuja akagonga mlango, akasema, "Faustine, toka bwana, simu haing'ati. Na kama unaogopa wale wa benki yako, nimeshawaambia umekufa." Nikatoka. Hayo ndiyo matibabu pekee yaliyonisaidia mwaka mzima, nanyi mnataka niyaache ili mniamini kwamba naumwa. Nikiyaacha nitaumwa sana, hilo nawahakikishia, lakini sioni serikali itafaidika nini.

3. Madeni. Nina kadi tatu za mkopo. Ya kwanza iliisha kwenye harusi ya binamu, ya pili ilipaua nyumba ya Baba Mdogo, ya tatu inalipa riba za hizo mbili. Baba Mdogo ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya baba kufariki, na katika shule zote alizonilipia ada sikufundishwa kusema hapana.

4. Sasa nafika kwenye shina la malalamiko. Nilipougua, dada Placida, binti wa Baba Mdogo ambaye ni muuguzi hapa London, aliwaambia watu wa nyumbani kwamba kichwa cha Faustine kimechoka. Bukoba wakaelewa nimekuwa kichaa. Mheshimiwa, simu zilikoma siku ile ile! Kichaa haombwi mchango. Niliondolewa katika kamati za harusi mbili na kipaimara kimoja, bila hata kuaga. Nikaanza kulala. Posho yenu ililipa kodi ya nyumba, nashukuru, lakini usingizi niliupata kwa jina la ugonjwa.

5. Halafu mkaniandikia kwamba nimepona. Nilimpelekea dada Placida barua yenu ili anisaidie kulia. Akasoma mpaka kwenye neno "mzima," akapiga kelele, "Haleluya!" Jumapili alitoa ushuhuda kanisani. Jumatatu Bukoba nzima ilikuwa inanibipu, yaani simu inalia mara moja na kukatwa, ili mimi wa London ndiye nipige na kulipia. Baba Mdogo alisema, "Mwanangu, umepona! Mungu si Athumani. Sasa, kuhusu lile bati la upande wa jikoni..." Amenipigia hata mtu ambaye undugu wetu ni kwamba tulibatizwa siku moja. Anataka pikipiki.

6. Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Mniandikie cheti, kwa Kiswahili, chenye mhuri mkubwa, kinachosema kwamba Faustine Kabonero ni mgonjwa wa akili, hali yake hairidhishi, na huzidi hasa Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, wakati ambao ndugu wengi hubipu. Posho chukueni. Narudia, ili mkalimani asidhani amekosea: posho chukueni, niachieni ugonjwa. Kama cheti kina gharama, niko tayari kuilipa kwa kadi ya tatu.

Nisalimieni wote hapo ofisini, daktari akiwemo, na mlinzi wa mlangoni aliyenirudishia kofia yangu. Namsalimu pia mkalimani. Kama ni Mtanzania, namwomba kwa jina la Mungu asimwambie mtu.

Wako katika utii na homa,

Faustine Kabonero

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha Baba Mdogo alipobipu. Nikampigia. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuwaandikia ninyi ukweli, nikajikuta nimemwambia na yeye: kwamba daktari amekosea, kwamba silali, kwamba zipo asubuhi siwezi kuinuka kitandani. Nilidhani atarudi kwenye bati. Badala yake akasema, "Kwa nini ulituacha tukuombe hela, mwanangu?"

Jana ukoo ulikaa kikao. Wameamua kuuza shamba la migomba, pamoja na upande alikozikwa baba, ili Baba Mdogo apate nauli ya kuja kunichukua. Nimewapigia wote kuwaambia nimepona. Wanasema wagonjwa wa kichwa ndivyo wanavyosema. Baba Mdogo ameshaazima koti la baridi.

Kwa hiyo naomba cheti kile kile, chenye mhuri ule ule, ila kiandikwe kwamba mimi ni mzima kabisa, kama alivyoona daktari wenu, ambaye sasa naona ni bingwa. Tafadhali kitumeni kwa faksi moja kwa moja Bukoba, kwa parokia. Mnunuzi anakuja kupima shamba Jumamosi.