Malalamiko Kuhusu Ruta ya Pili ya Mama Mapazia

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji,
Hapa hapa jengoni, ghorofa ya chini, mlango wa kijani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUNYANG'ANYWA MTANDAO NILIOUZOEA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na mwenye nafasi ya kusoma, kwa kuwa ni ndefu na sikusudii kuifupisha. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya pili, karani wa mahakama mstaafu, yule ambaye wapangaji wenzangu wananiita Mzee Karani. Hunijui kwa vurugu. Sijawahi kulalamikia takataka, wala paka wa mlinzi, wala huyo bwana wa juu anayejifunza gitaa bila kuendelea mbele. Ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Ninayemlalamikia ni jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, mshona mapazia, ambaye jengo zima linamwita Mama Mapazia. Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba ni mama mwenye heshima zake, na mapazia ya sebuleni kwangu alinishonea yeye. Hilo halipunguzi uzito wa mashtaka, ambayo ni haya yafuatayo.

1. Kwamba nilikuwa na haki. Zamani kidogo nilishuka kwake kuomba msaada wa kumtumia binti yangu picha ya cheti cha daktari. Mama Mapazia akachukua simu yangu, akaandika nenosiri la waifai yake kwa mkono wake mwenyewe, picha ikaenda, nikashukuru, nikapanda ngazi. Tangu siku hiyo simu ikawa inajiunga yenyewe. Sikuiba kitu. Nenosiri mimi sikuwahi kulijua. Iliyokumbuka ni simu, na simu haishtakiwi.

2. Kwamba haki hiyo niliitunza kwa taabu. Mtandao ulinifikia mahali pamoja tu: jikoni, katikati ya friji na dirisha, tena mpaka uinamishe kichwa upande kama mtu anayesikiliza mambo ya watu mlangoni. Nikahamishia kiti pale. Friji nayo nikaisogeza. Kila Ijumaa jioni binti yangu, ambaye ni mkunga na anafanya kazi mbali sana, hunipigia kwa video akiwa na mjukuu wangu ambaye sijawahi kumpakata. Mtoto amenifahamu kupitia pembe hiyo, na ananiita Babu Friji. Sauti ilikuwa inakatika, picha inaganda nikiwa nimeachama mdomo, mimi napaza sauti, wao wanapaza sauti, lakini tulikuwa tunaonana. Wapo watakaouliza kwa nini sinunui bando. Swali hilo halihusiani na kesi.

3. Kwamba ruta ya pili ilifungwa bila mimi kushirikishwa. Wiki iliyopita alikuja fundi wa mtandao, mama mmoja mwenye ngazi na drili, nikasikia drili inanguruma chini ya sakafu yangu. Nikashuka kwa nia njema ya kutoa ushauri. Nilimkuta akieleza kwamba ruta ya zamani itabaki pale ilipo karibu na mlango, na hii mpya itaunganishwa nayo kwa waya, ili mtandao usogee mbele zaidi. Nikamwelekeza upande wa kuusogezea. Akaniuliza, "Kwani wewe ndiye mwenye hii ruta?" Nikamjibu kwamba mimi ni mdau. Hapo Mama Mapazia, pini zikiwa mdomoni, akasema, "Mzee, nenda tu ukapumzike. Nitapanda kukueleza."

Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi mahakamani ujana wangu wote, na ninajua kwamba mtu akishaambiwa akapumzike, kesi yake imeshaamuliwa. Nikaondoka bila kuaga. Jioni aligonga mlango wangu, sikufungua. Kesho yake akagonga tena, sikufungua pia, kwa sababu si utaratibu kusikiliza utetezi kabla mashtaka hayajaandikwa.

4. Kwamba nenosiri lilibadilishwa. Sasa simu yangu inaniambia kuwa nenosiri si sahihi, kwa lugha kavu ambayo hata hakimu mkali kuliko wote hakuwahi kunitolea. Nilijaribu kuisaidia. Niliandika "mapazia". Nikaandika "cherehani", kisha "sindano", kisha uzi wa kila rangi ninayoifahamu. Asije mtu akasema nilikuwa navunja kufuli la mtu. Nilikuwa nafanya uchunguzi.

5. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Mtandao wenyewe umejaa nyumbani kwangu. Simu inaonyesha mistari yote imejaa, sebuleni, chumbani, hata bafuni, mahali ambapo hapakuwahi kufika kitu isipokuwa maji, tena kwa kubahatisha. Kila nikikaa unanikodolea macho, na kakufuli kadogo pembeni. Angeninyima kimyakimya ningevumilia. Lakini kunipandishia mtandao wa nguvu namna hiyo mpaka kitandani, halafu kuufunga, hiyo ni dhihaka ya makusudi, na naomba neno "makusudi" lipigiwe mstari kwenye kumbukumbu za kikao.

6. Kwamba hasara imetokea. Ijumaa ilifika, nikakaa kwenye kiti changu kama kawaida, simu kimya. Binti yangu, kwa sababu ya kazi yake, akikutana na kimya huanza kuwaza mabaya. Huko aliko hupiga kwa mtandao tu, basi akampigia fundi bomba wa ghorofa ya tatu, ambaye namba yake anayo. Fundi bomba akashuka na vifaa vyake, akagonga. Nikadhani ni Mama Mapazia, nikanyamaza. Akagonga tena akiita, "Mzee, uko hai?" Kwa kuwa swali lenyewe lilikosa adabu, sikulijibu. Akaung'oa mlango. Alinikuta nimekaa kando ya friji, simu mkononi, naandika "kitambaa".

Sasa mlango wangu unafungwa kwa kipande cha waya. Lakini mlango utatengenezwa. Fundi bomba alinipa simu yake niongee na binti yangu, na ndipo nilipoambiwa kwamba mjukuu wangu alikuwa ameng'oka jino la kwanza siku ile. Alikataa kumwonyesha mtu yeyote kabla yangu. Alikaa mbele ya simu amelifumbata kiganjani, akinisubiri, mpaka usingizi ukamchukua hapo hapo kwenye kiti. Sijui hasara ya namna hiyo inaandikwa katika fungu gani. Nimepekua kumbukumbu zangu za kazi zote na sijaona mfano wake.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako:

(a) itamke kwamba mtandao ukishavuka dari ya mtu unakuwa mali ya jengo zima, kama zilivyo ngazi, tangi la maji na harufu ya vitunguu vya watu;

(b) iamuru ruta ya pili ing'olewe, au nikabidhiwe mimi uangalizi wake;

(c) iamuru nenosiri libandikwe kwenye ubao wa matangazo pale getini, kwa herufi kubwa, kwa faida ya umma, wenye mvi wakisoma kwanza;

(d) na kuanzia sasa, mpangaji yeyote anayetaka kubadili nenosiri atoe taarifa ya maandishi mapema, kama vile mwenye nyumba anavyotakiwa kumpa mpangaji notisi.

Nisipopata jibu la kuridhisha nitalazimika kulipeleka suala hili kwa mwenye nyumba, kutoka hapo kwa halmashauri, kutoka hapo wizarani, na ikibidi kwa hao wenyewe wanaorusha mitambo angani, maana na wao ni washirika katika jambo hili.

Nakutakia kazi njema. Msalimie mkeo na watoto wote, mlinzi na paka wake, pamoja na mama anayetufagilia ngazi. Hata Mama Mapazia nisalimie, ila umfikie wa mwisho.

Mimi mlalamikaji, niliye kimya tangu Ijumaa,

Mzee Karani
Ghorofa ya pili, mlango uliofungwa kwa waya

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Mama Mapazia akaingia. Hakugonga, kwa kuwa mlango wangu kwa sasa haugongeki. Alichukua simu yangu mezani, akabonyezabonyeza, akanirudishia, na kale kakufuli kakawa kameondoka.

Kisha akanieleza. Anasema ruta ya pili imepigiliwa kwenye dari yake, chini kabisa ya kochi langu, na ndiyo sababu fundi alihitaji ngazi. Nenosiri lilibadilishwa na fundi ili ruta zote mbili zitumie moja, na yeye alikuwa akipanda kuniwekea, mara mbili, akakuta nimejifungia. Kwa kazi yake ya mapazia, ile ruta ya kwanza ilikuwa inamtosha. Nikamuuliza, sasa ya pili ya nini?

Akasema, "Mzee, kila Ijumaa unapiga kelele, 'Mnanisikia? Mnanisikia?' Sisi kule chini wote tunakusikia. Mtoto ndiye hakusikii."

Nikampa kiti. Tukampigia binti yangu kutoka sebuleni, sauti safi, picha haijaganda hata kidogo, na jino nimeliona. Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Mama Mapazia alifuta macho akasema ni vumbi la kitambaa, nami nikaliandika hivyo hivyo kama alivyosema.

Barua sijaichana, kwa sababu sijawahi kuharibu waraka uliokwisha kusainiwa, na mwandiko umetoka vizuri. Nakuomba tu uisome kuanzia hapa kwenda chini. Maombi (a), (b) na (d) nayafuta. Ombi (c) nalifuta kwa mkazo wa pekee, na kama kuna mtu ameshaanza kutafuta gundi, azuiwe. Tangu mchana fundi bomba ameonekana amesimama ngazini karibu na mlango wangu, simu ameiinua juu, akidai anakagua mabomba. Ngazini hapapiti bomba lolote. Ndugu Mwenyekiti, mtandao ni mali ya mwenyewe na wale aliowaruhusu, na mtu anayejibanza ngazini kuutega bila idhini anatenda jambo ambalo kule mahakamani tulikuwa na jina lake. Naomba achukuliwe hatua.