Mwanangu Kupandishwa Mlima Bila Mzigo

Gesima, Nyamira

Mheshimiwa Meneja Gruber,

Pokea salamu kutoka kwenye majani chai. Mimi ni Mwalimu Thadeus Ratemo, mstaafu, baba mzazi wa Omosa, yule muuguzi anayewatunza wazee katika nyumba yenu huko Austria. Naandika Kiswahili kwa kuwa Omosa amesema simu yako hutafsiri lugha zote. Ikikosea, shika ile maana yenye adabu zaidi.

Nimeletewa picha ya mwanangu akiwa kileleni pamoja nawe na wafanyakazi wenzake. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani, na sasa nina malalamiko yafuatayo.

1. Mlimpandisha mlima bila mzigo. Hapa kwetu mtu hupanda kilima kwa sababu: ana majani chai mgongoni, anatafuta kuni, au huko juu kuna msiba. Omosa anasema mlipanda tangu asubuhi, mkala mkate na jibini, mkashuka. Hakurudi hata na ukuni mmoja! Alipokuwa kijana, kumfikisha kituo cha kuuzia majani, hapo juu tu ya boma letu, kulihitaji mimi, mama yake na fimbo. Sasa vijana wa hapa wameiona picha hiyo, wameacha kuchuma chai na wanapanda vilima kupunga hewa. Jirani yangu Ogari, ambaye majani yake yanakomaa shambani, ameacha kunisalimia.

2. Ilikuwa Jumamosi, na sisi ni Waadventista. Kupanda mlima siku ya Sabato si lazima iwe dhambi. Hata Musa alipanda mlima, lakini Musa alishuka na kitu mkononi.

3. Hili ndilo linanichoma. Mliposhuka mliingia kwenye chumba cha mvuke, nyote uchi kama mlivyozaliwa. Bwana Gruber, nimeulizia umri wako. Wewe ni rika langu kabisa. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, yaani haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Baba na mwanawe mtu mzima hawaonani uchi, na kila mtu wa rika la baba ni baba. Tafadhali usinijibu kwamba kazi ya Omosa ni kuogesha wazee kila siku. Hiyo ni kazi, na mgonjwa hana rika. Wewe hukuwa mgonjwa. Ulikuwa umetoka mlimani, buheri wa afya, na taulo umelitundika mlangoni.

4. Kutokana na hilo la tatu, ama umejishusha ukawa rika la Omosa, na kuanzia leo utaniita baba na kuniamkia inavyopasa. Ama wewe ni baba yake wa pili, na mafahali wawili hawakai zizi moja.

5. Dawa ni moja. Kondoo achinjwe, na Omosa awepo mwenyewe. Nimewauliza wazee kama inaweza kufanyika kwa simu ya video, wakasema haijawahi kutokea. Kwa hiyo naomba apewe likizo mwezi wote wa Desemba aje atakaswe. Ukiweza, njoo naye; ukishindwa, tutakutakasa ukiwa huko huko. Hatukuhukumu. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa.

Nisalimie wazee wote wa nyumba hiyo, mpishi, na yule mama wa pichani aliyevaa kaptura kwenye theluji. Mwambie namwombea.

Mimi mzazi mwenzio (jambo hili likisuluhishwa),
Mwl. Thadeus Ratemo

Tanbihi: Mama Omosa ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Desemba hiyo napasuliwa nyonga mjini Kisii, na daktari amesema nitalala majuma kadhaa bila kuweza hata kujigeuza. Mgongo wa mke wangu hauwezi kuninyanyua. Ameniuliza nitakubali niogeshwe na nani. Nimesema Omosa, hakuna mwingine. Amenirudishia barua, amerudi jikoni. Basi, Bwana Gruber, futa yote matano. Kondoo hakuna, na wazee sikuwauliza. Nipe mwanangu mwezi mmoja tu. Kwenye simu nilimwambia nyonga ni jambo dogo, na kumwomba mwenyewe aje nimeshindwa. Naona haya.