Rekodi ya Nyapara

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua gemu la mkononi kwa fundi redio. Kuukuu, la kijivu, kioo hakina taa, lazima uelekee dirishani. Mgongoni limeandikwa michezo 999. Nimehesabu saba. Iliyobaki ni ileile, imeongezewa mbio tu. Magari ni vidoti. Vifaru vidoti. Nyoka naye. Mchezo wenyewe hasa ni matofali yanayoshuka. Kutwa nabeba matofali, nikipumzika nayapanga tena. Tofauti ni kwamba kwenye gemu mstari ukijaa unayeyuka. Kazini ukijaa, nyapara anakuonyesha pa kuanzia mwingine.

Nyumbani tulikuwa na la namna hii. Binti yangu alikaa mapajani, kidole chake kwenye kitufe cha kushoto, changu cha kulia. Sasa nabonyeza pande zote mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Nimepiga simu nyumbani. Binti kapokea. Shikamoo mjomba. Miaka miwili tu niko huku kazini, sauti yangu imeshakuwa ya mjomba. Mama yake akamnong'oneza, akarudia, shikamoo baba, kama anayesoma ubaoni.

Nyapara katangaza likizo. Wiki mbili, mtu mmoja, yule atakayemwona anafaa. Jibu Jumamosi. Mwingine anayeitaka ni mpiga lipu, ninayelala naye chumba kimoja. Nikamuuliza mpango wake. Akasema hana, atapiga lipu. Nilimhurumia.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango wangu: nyapara alipende gemu, anishinde, moyo umlainike.

Saa ya chakula nikamkabidhi. Kumvutia haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kushindwa. Mtu anasimamia ghorofa sita, lakini matofali ya gemu anayasimamisha wima kama nguzo za umeme. Kapata 300. Ikabidi nipate chini ya hapo, na si rahisi. Nilifumba macho. Akanicheka mbele ya watu, eti mikono yangu hii Mungu aliiumbia sepetu. Nikasema kweli kabisa, mkubwa. Moyoni nilishafunga begi.

Ijumaa, 7 Juni
Nyapara kajifungia ofisini na gemu tangu asubuhi. Lori la mchanga limesubiri hadi dereva kalala. Saa tisa akatoka anatembea kama bwana harusi. 9,400. Rekodi ipo pale, kwenye kona ya kioo. Akasema kesho mafundi wote waione kwanza, ndipo atie saini ya likizo. Akanikonyeza. Mimi, si mpiga lipu. Akanirudishia gemu, akasema nilitunze kama jicho.

Nimefua suruali ya safari.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi kioo kilikuwa kimefifia, rekodi haisomeki. Nikafanya tulivyokuwa tukifanya nyumbani kwa redio ya baba: nikatoa betri, nikazianika juu ya bati hadi zikashika joto. Zilifufuka kweli. Tarakimu zikawa nyeusi tii. Rekodi: sifuri. Kumbe ukitoa betri, gemu hili linasahau kila kitu.

Saa nne mafundi walikusanyika. Nyapara akawasha. Mpishi akachungulia, akasema sifuri hata yeye anaiweza, na sufuria iko motoni. Watu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nyapara hakunitazama. Mpiga lipu peke yake hakucheka, alikuwa anaosha mwiko wake. Likizo kapewa yeye.

Jumapili, 9 Juni
Mpiga lipu kaondoka na basi la asubuhi. Kwao ni kituo kimoja kabla ya kwetu. Kasema atapitiliza hadi nyumbani, amwone binti. Akauliza ampelekee nini. Gemu lilikuwa mkononi mwangu. Nilimwona kabisa mtoto akilipokea kwa mikono miwili. Nikasema mpe salamu.

Gemu bado nalihitaji. Likizo nyingine inatolewa mwezi wa kumi na mbili, na nyapara hasemi nami. Nitamrudishia 9,400 yake, kamili, aikute Jumatatu asubuhi. Basi nimekaa dirishani tangu basi liondoke. Saa sita nilifika 9,300. Nikajiambia mstari mmoja tu, halafu naacha. Vidole havikusikia.

Sasa ni 21,700. Kesho nampelekea ofisini, mafundi wote wakiwepo. Hajawahi kuona mtu akifika hapo. Atafurahi sana.