Mbuzi Mmoja Hawezi Kunishinda

Jumatatu, 8 Septemba

Kafedha, mke wangu, ameondoka asubuhi. Binti yetu Gladys amejifungua huko Shanzu, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na mama mtu lazima akamkande kwa maji moto siku arubaini. Sawa. Nimemwambia aende. Amesimama mlangoni na mfuko wake, akanitazama kama mtu anayeacha jiko na moto ndani. Nimemkumbusha kwamba mimi nilifunga makontena bandarini miaka thelathini na moja, na halikuanguka hata moja. Sasa nimestaafu, nina shamba na mbuzi wanne. Ndio watanishinda?

Mwanangu Changawa naye kaja na neno lake. Ati kila asubuhi chupa ya maziwa ya mbuzi ifike Shanzu, dadake apikiwe uji. Jumapili baada ya kanisa atakuja hapa anione nikikamua kwa mkono wangu. Nikishindwa, mbuzi wanauzwa na mimi nahamia kwake Mikindani, ghorofa ya tatu. Ananipenda, anasema. Hiyo ghorofa naijua. Ukitema mate yanamwangukia mtu. Udongo wote uliopo umo katika mkebe wa maua wa mkewe.

Tumepeana mikono. Nimecheka sana.

Jumanne, 9

Hakuna maziwa. Anayekamuliwa ni mmoja tu, Kafedha anamwita Bi Arusi kwa sababu ya haya zake. Haya gani? Nimekuta kiwele kimelegea kama soksi. Jirani yangu Faki alikuwa akinichungulia juu ya ua wa makuti. Akauliza, kwa adabu yake ile ya kuudhi, kama jana jioni nilimtenga yule mtoto wa mbuzi. Nikamjibu kwetu hatutengi watoto na mama zao.

"Basi maziwa kayanywa mwenyewe, bwana Ngumbao."

Faki ana ng'ombe watatu, basi anajua kila kitu.

Mtu wa bodaboda nimempa madafu mawili apeleke Shanzu. Nimemwambia aseme maziwa yako njiani.

Jumatano, 10

Mtoto nimemtenga. Si kwa sababu ya Faki. Niliwaza mwenyewe.

Kiwele kimejaa, lakini Bi Arusi hataki mkono wangu. Kwanza kanikanyaga. Pili kaipiga sufuria teke ikaangukia mihogoni. Tatu kalala chini kama mgonjwa. Nikamfunga kwa fundo la bandarini, lile ambalo bahari nzima haikuweza kulifungua. Halikufunguka kweli. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ndani. Tumekaa hivyo mimi na mbuzi mpaka Faki akaja na panga. Alicheka hadi akakaa chini. Mtu mzima.

Madafu mawili.

Alhamisi, 11

Leo nimetumia akili. Faki alipotoka, nilikwenda kwa Mwanamkasi mkewe, nikaomba maziwa kidogo, kifua kinanibana. Mama yule ana huruma. Aliingia jikoni, akatoka na chupa nzima, ingali moto. Mtu wa bodaboda akaondoka nayo saa mbili. Nimelala mchana kama sultani.

Saa kumi Kafedha kapiga simu. Anauliza Bi Arusi ameanza lini kula iliki.

Mwanamkasi, Mungu amweke, aliyachemsha na iliki, tangawizi na sukari, kwa ajili ya kifua changu. Nimemwambia Kafedha labda ni majani ya kule bondeni. Akasema, "Baba Changawa." Hivyo tu. Nimekata simu, nikasingizia mtandao.

Ijumaa, 12

Nimegundua. Mbuzi hana tatizo na mkono, ana tatizo na sura. Leso za Kafedha za kazi zinaning'inia kwenye msumari wa zizi, hazijafuliwa. Moja nimejifunga kiunoni, ya pili kichwani. Nimejipaka na mafuta yake ya nazi. Bi Arusi kaninusa shingoni, kasimama. Nimepata nusu kikombe. Nusu kikombe! Sauti ya maziwa kwenye bati ni tamu, mtu asikwambie.

Katikati ya kazi wakapita akina mama wawili wa kanisani. Wakabisha hodi, Mama Changawa, kumbe umerudi? Nisingeweza kugeuka. Nikaitikia kwa sauti nyembamba kwamba nimerudi, ila nina kazi. Wakaenda zao. Shida imekwisha.

Jumamosi, 13

Haijaisha. Kafedha kapiga simu kabla sijanywa chai. Watu watatu wamempigia kumpa pole ya safari. Mmoja kauliza mbona kanenepa hivyo kwa siku nne, na mafua yale ya sauti ameyatoa wapi. Nimemwambia waumini wa siku hizi hawaoni vizuri. Amesema kesho anakuja na Changawa. Mtoto atabaki na mama yake kwa saa chache.

Naye aje. Nimekamua tena, nusu kikombe ile ile. Lakini imejaa zaidi.

Jumapili, 14

Nimeingia zizini mapema, nimevaa leso zote mbili. Aibu sina. Anayeona aibu ahamie ghorofani.

Changawa alisimama langoni na suti yake ya kanisa. Shikamoo kaitoa, lakini kaiangalia leso. Nikaanza. Bi Arusi akainua mguu. Nikajua ndio basi, nikaiona ile ngazi ya Mikindani mbele ya macho. Mara mguu ukashuka, masikio yakasimama, maziwa yakaja. Nikakamua hadi povu likapanda ukingoni.

Nikamtazama Changawa anisifu. Yeye anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Kafedha kaegemea nguzo, anabofya ulimi ile sauti yake ya kukamulia, tki tki tki. Tangu lini, sijui. Nimemwambia asinichanganyie mbuzi wangu.

Changawa kaniambia, "Baba, sasa yatosha, twende Mikindani." Ndipo nikasema. Nimesema mbuzi awachukue akitaka, lakini mimi udongo huu nimeununua kwa mgongo, na kwenye ngazi ile nitapandishwa nikiwa maiti. Nimesema nimevaa leso, lakini nimesema.

Hakuna aliyecheka. Kafedha akaja akanifungua ile ya kichwani, akaikunja polepole. Akamwambia Changawa baba yako abaki, mbuzi wabaki. Ila Roseline, dada yangu mimi, yule mdogo, aitwe kutoka Mariakani aje asaidie.

Asaidie. Neno hilo nimelikubali.

Jumatano, 17

Chupa imefika Shanzu siku tatu mfululizo. Roseline anakamua vizuri. Nimemfundisha mimi. Siku ya kwanza alinipa kisogo wakati naeleza, lakini yalimwingia. Sasa amenikataza hata kukanyaga zizini, ati nipumzike. Dada mwenye heshima.

Basi nina nafasi. Leo Faki kaja uani. Wiki ijayo yeye na Mwanamkasi wanakwenda harusini Lamu, siku saba, na anatafuta mtu wa kuwakamulia ng'ombe. Alikuwa anamwuliza Roseline. Nimeitikia mimi. Faki akasema wale ng'ombe, wallahi, hawamkubali hata yeye, wamemzoea Mwanamkasi peke yake. Nimemwambia aende zake kwa amani, amepata fundi. Nimeomba kitu kimoja tu, Mwanamkasi asifue leso zake kabla ya safari.

Faki hajanijibu bado. Anafikiria.