Mbele Yangu Hachomekei Mtu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo imetosha. Naandika kwa sababu mke wangu amekataa kusikiliza.

Pale barabara ndogo inapoungana na barabara kuu, sisi waungwana tunapanga foleni tangu kituo cha mafuta. Wengine hawapangi. Wanakuja pembeni mbio mpaka mwisho kabisa, njia inapoishia, halafu wanaingiza pua. Wanachomekea. Hawana haya usoni. Leo aliyenichomekea ni wa gari la kijivu. Dogo, la zamani, bila indiketa. Limeingia kati yangu na basi la wafanyakazi, mahali ambapo hata sahani isingepita kwa ubavu.

Kitu kimoja cha kushangaza. Lilikuwa limelowa. Linachuruzika maji, waipa zinakwenda huku na huku. Na mvua hatujaiona mwaka huu. Vumbi tupu, mpaka kwenye meno. Kioo cha nyuma kilijaa ukungu kwa ndani, dereva sikumwona. Nimepiga honi mpaka kiganja kikauma.

Mke wangu, ambaye namshusha zahanati anakokaa mapokezi, alisema labda limetoka kuoshwa. Nikamuuliza, na waipa je? Akasema labda dereva amesahau kuzizima, kama mimi nilivyosahau kunyamaza tangu tutoke nyumbani.

Nimechelewa kazini. Mwenye duka la miwani aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akarudi kuangalia saa. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Jirani yetu wa nyumbani, ambaye huuza magodoro duka la pili, alikuwa ameshafika, anapanga mali yake nje ya duka na kupiga mluzi. Mimi namwita Bwana Pita, maana kila anayeomba njia humpungia mkono: pita, pita. Anapisha kila mtu na bado anafika kabla yangu. Sielewi. Sitaki kuelewa.

Azimio: kuanzia kesho, mbele yangu hachomekei mtu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kupe. Nimeling'ang'ania lori la mbele kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nilikuwa karibu hata nikaona misumari ya bodi ilivyoota kutu. Mke wangu alishika mlango kwa mikono miwili, akasema chai aliyokunywa inataka kurudi. Nikamwambia aivumilie, tuko vitani.

Tukafika kwenye maungano. Pembeni hakuna gari. Nikacheka kidogo. Nikapiga chafya.

Nilipofumbua macho, la kijivu lilikuwa mbele yangu.

Sijui limeingiaje. Kati ya boneti yangu na lori pasingeenea hata baiskeli. Lakini lilikuwepo, zima, maji yanadondoka kwenye bampa, na lami chini yake imekuwa nyeusi kwa unyevu. Halafu ule ukimya. Foleni nzima inanguruma, lakini upande wa mbele yetu ilikuwa kama mtu ameziba sikio langu moja.

Mke wangu alilitazama muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba gari hili halimpendezi, nimwachie aende zake. Nikamwambia huo ndio woga wanaoutegemea. Akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia hapa hakuna nyani, hapa kuna mchomekeaji.

Nimechelewa tena. Mwenye duka sasa ameanza kusema.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mbinu ya pili: ubao. Nimechukua ubao wa kitanda cha wageni, nikaufunga kwa kamba kwenye mlango wa upande wanakotokea, umetokeza nje kama mkono, na kitambaa chekundu kwenye ncha. Atakayesogea atakwaruzwa. Akili ni nywele, na mimi nimejaaliwa kichwa chenye nywele nyingi.

Mke wangu aliuzunguka ubao, akauangalia, akaniuliza kama mama yangu alikuwa na habari ya jambo hili nilipokuwa mdogo.

Safari ilianza vizuri. Magari yote yalijitenga nami. Nilijiona kama mfalme aliyetandaziwa njia. Kisha ubao ukagonga nguzo ya alama ya barabarani, ukarudi kwa kasi, ukavunja kioo changu cha pembeni. Nikasimama. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi, watu wasio na subira kabisa. Wakati nafungua kamba, la kijivu likapita taratibu, karibu hata likanilowesha shati, likaingia mbele.

Maji yale yalikuwa baridi sana. Mkono wote ulikufa ganzi mpaka begani.

Nikageuka kumwita mke wangu ashuhudie. Alikuwa ameshashuka. Ameketi kwenye pikapu ya Bwana Pita, mkoba juu ya mapaja, katikati ya sampuli za magodoro. Bwana Pita akaniita "shemeji", akasema kwa upole: kawia ufike. Mke wangu aliweka mkoba sawa. Alifunga kioo.

Nilipomuuliza jioni, alisema amefika kazini dakika za kutosha kunywa chai. Atakuwa anakwenda naye mpaka nipate akili. Nikamuuliza, huoni watu watasemaje? Akasema watu wameshaona ubao, hakuna tena la kusema.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mbinu ya tatu: kumvizia kwao. Nimeomba ruhusa kwa mwenye duka, nikasema naumwa jino. Nikaenda kuegesha kwenye ile barabara ndogo yenyewe, niwe mbele yake kabla hajawa mbele yangu, na nimwone uso.

Barabara ile ni fupi kuliko nilivyodhani. Wachomekeaji wa kawaida huingilia kwenye kituo cha mafuta, nimewaona, wanakata kona bila aibu. Lakini ukiacha kituo nyuma, ni majani, ukuta wa ghala, na mwishoni geti lenye mnyororo. Kufuli limeota kutu hata tundu la ufunguo limezibika. Alikuwepo mama mmoja mfagiaji wa barabara. Nikamuuliza gari la kijivu hutokea wapi. Akasema, "Baba, geti hilo sijaliona likifunguliwa tangu mwanangu wa mwisho anatambaa. Sasa hivi ananyoa ndevu." Nikamuuliza kama amewahi kuona gari lililolowa likipita hapo. Aliacha kufagia. Aliangalia mbingu, ilikuwa nyeupe, kavu. Akachukua fagio lake akaenda kufagia upande mwingine.

Nikasubiri, macho kwenye kituo cha mafuta. Hakuna la kijivu lililotoka huko, naapa. Nikatupa jicho kwenye kioo cha juu.

Lilikuwa nyuma yangu. Kati yangu na geti.

Limesimama tu. Waipa zinakwenda. Kioo cha mbele kimejaa ukungu. Nikatazama bila kupepesa, maana huyu leo nitamjua. Ukatokea mkono kwa ndani, ukafuta ukungu, duara dogo, kama mtu anayetaka kuchungulia. Nyuma ya lile duara sikuona mtu. Niliona kiti. Niliona mpaka kioo cha nyuma, na geti, na kufuli.

Mimi ni msaga lenzi. Nimeshinda na vioo nusu ya maisha yangu na najua vinavyodanganya. Ni mwangaza tu. Lakini mguu ukakanyaga mafuta bila kuniuliza.

Nikafika kwenye maungano. Nikawasha indiketa, kwa ustaarabu. Hakuna aliyenipisha. Nimeinua mkono, nimetabasamu, nimeonyesha jino linaloniuma. Wote macho mbele, kama sipo. Watu wana roho mbaya kiasi gani? Na nyuma yangu yale maji, tii, tii, tii, yanadondoka.

Aliyesimama ni Bwana Pita. Akapunga mkono: pita, pita. Mke wangu pembeni yake anakagua kucha. Nikaingia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu chini ya usukani. Nilipoangalia nyuma, Bwana Pita alikuwa akilipungia na lile la kijivu.

Jioni nilimuuliza Bwana Pita kama aliona dereva. Alisema hajawahi kumwona, na wala hajawahi kuhitaji kumwona ili ampishe. Jibu la kipuuzi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nimejifunika blanketi. Ni baridi.

Mvua imenyesha. Ya kwanza mwaka huu, na imekuja kwa fujo. Bwana Pita alipeleka magodoro shule ya bweni, upande mwingine kabisa, kwa hiyo mke wangu alipanda kwangu. Aliniwekea sharti: likija gari lile, lipite. Nikasema sawa. Ulimi ulisema sawa. Mguu nilikuwa nimeshaupangia kazi nyingine.

Mbele yetu kulikuwa na lori limebeba mabomba ya zege, yale makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara, yamefungwa kwa minyororo. Tukafika kwenye maungano. La kijivu likatokea pembeni, na kwa mara ya kwanza halikuwa la ajabu. Limelowa kama sisi sote. Waipa zinakwenda kama zetu. Likaingiza pua.

Nikakanyaga mafuta.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba watoto," basi. Akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likaruka, likazimika. La kijivu likaingia.

Mnyororo ukakatika. Niliusikia, mlio mmoja mkali. Bomba la juu likabingirika, taratibu, kama linafikiria, likaanguka juu ya la kijivu. Lami ikatikisika mpaka kwenye meno yangu.

Tulishuka tukakimbia. Dereva wa lori alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye maji, anachungulia chini ya bomba. Anachungulia upande huu, anazunguka, anachungulia upande ule. Chini ya bomba hapakuwa na kitu. Hakuna bati, hakuna kioo. Palikuwa na kipande cha lami kikavu, ukubwa wa gari dogo, kona zake zimenyooka kama kimekatwa kwa mkasi. Mvua ikakijaza mbele ya macho yetu. Kikawa kama kwingine.

Dereva wa lori alilia. Mtu mzima. Alisema aliliona kwenye kioo chake, la kijivu, lilikuwa hapa, si mmeliona? Mke wangu akamshika bega akamwambia tumeliona, kaka yangu. Tumeliona.

Kisha akanigeukia. Akasema, "Wiki nzima lilikuwa linakuja na mvua ya leo." Akaonyesha bomba. "Hapo tungekuwa sisi."

Nikamwambia asichanganye mambo. Kipande cha zege kimeruka kimevunja taa yangu ya mbele. Na mwenye gari la kijivu ameondoka hata pole hakusema.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nusu siku. Nimeharibu lenzi tatu. Zilikuwa za mzee mmoja anayetaka kusoma tena kabla hajafa, hivyo alivyosema. Mwenye duka alinitazama, safari hii hakuangalia saa. Alinivutia kiti.

Nyumbani mke wangu alikaa karibu nami tangu niliporudi. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja, kidole gumba, kama watoto wanavyoshika. Baadaye akaniomba niahidi. Nikamuuliza niahidi nini. Akasema, likirudi, ulipishe kwa moyo wako.

Nikaahidi. 

Bwana Pita alikuja kutupa pole, akatuletea mto mpya. Nimeupokea. Ni mgumu upande mmoja.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kumekucha vizuri. Jua, lami kavu. Mke wangu amepanda kwangu, lakini amekaa kiti cha nyuma. Anasema huko kuna nafasi zaidi.

Nimetimiza ahadi, na iandikwe hapa. Tulipokaribia maungano nilipunguza mwendo, nikaacha pengo zuri, pana, la mtu mstaarabu. Nyuma wakapiga honi. Sikujali. Nimeahidi. Nikasubiri la kijivu kwa moyo wangu wote.

Halikuja. Likaja la njano. Dogo, lina bango la mwanafunzi kwenye boneti, ndani binti ameshika usukani kama anauzuia usiondoke. Aliwasha indiketa. Aliinua mkono kuomba. Alitabasamu, hata.

Nikaziba pengo.

Mke wangu akauliza kwa nini. Nikamweleza, polepole, kama unavyomweleza mtu anayejaribu miwani mipya: nimeahidi kulipisha la kijivu. La njano halikutajwa. Ukianza kupisha rangi zote utafika lini? Kwenye kioo cha juu nilimwona amefumba macho, midomo inasogea. Nadhani anahesabu siku za kazi zilizobaki hadi likizo.

Binti wa la njano akabaki pembeni, indiketa yake inapepesa. Mimi nikasonga. Safari yote kati yangu na gari la mbele hapakuingia mtu. Lilikuwa tela la nondo, zimetokeza nyuma, kitambaa chekundu kwenye ncha kinapepea. Nikasogea. Nikasogea tena. Kitambaa kikawa kinagusa kioo changu, taratibu, kinafuta, na nyuma yake nondo zimenielekea usoni, nayaona matundu ya kutu moja moja.

Sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama hii. Kesho nitasogea zaidi.